Dawa Ina Mkono: Mwongozo wa Kupima Usafi Wake, Kuanzia Dukani Karatu Hadi Maabara

Siku ya mnada, mfugaji aliyeshuka kutoka Endulen au Nainokanoka husimama mbele ya duka la dawa za mifugo mjini Karatu na kuuliza dawa ya minyoo ya kondoo. Anaweza kupewa chupa iliyoandikwa Levamisole, au pakiti iliyoandikwa Tetramisole. Zote mbili ni dawa za minyoo. Fomula yao ya kemia ni moja, uzito wa molekuli ni mmoja, na hakuna mizani inayoweza kuzitenganisha. Hata hivyo dozi ya moja ni mara mbili ya dozi ya nyingine, na anayezichanganya hulipia kosa hilo kwa mifugo yake.

Kinachozitofautisha ni mkono. Molekuli za dawa nyingi huja kwa namna mbili zinazofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Wanakemia huita molekuli hizo kairali, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mkono, na kila moja ya namna hizo mbili huitwa enantioma. Mwongozo huu unaziita mkono wa kushoto na mkono wa kulia.

Umeandikwa kwa ajili yako unayeuza dawa, afisa mifugo, mfamasia wa hospitali, fundi sanifu wa maabara, au mwalimu wa kemia. Ukimaliza kuusoma utajua kwa nini mkono wa dawa upimwe, nini unaweza kukifanya hapo ulipo, nini kinahitaji maabara, na makosa gani huharibu jibu.

1. KWA NINI UPIME MKONO

Chukua jozi ya katambuga. Ya kushoto na ya kulia zimekatwa kwenye tairi moja, zina uzito mmoja na mikanda sawa. Lakini vaa ya kushoto mguu wa kulia uanze safari ya kupanda kingo za kreta ya Ngorongoro: hutafika mbali. Mwili wa kiumbe hai ni kama huo mguu. Protini ambazo dawa huzishika nazo zina mkono wake, kwa hiyo molekuli ya mkono mmoja hukaa sawasawa na ya mkono mwingine hukwama, au hushika mahali pasipotakiwa.

Kwa tetramisoli jambo hili liko wazi. Dawa hiyo ilitoka katika maabara za Janssen nchini Ubelgiji katika miaka ya 1960. Ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa mikono miwili, ambao wanakemia huuita rasemia. Ilipotenganishwa ikaonekana kwamba nguvu ya kupoozesha minyoo iko kwenye mkono mmoja tu, ule unaogeuza mwanga kushoto. Mkono huo ndio ulioitwa levamisoli. Mkono wa pili hausaidii kwa minyoo, ila mnyama bado anaubeba mwilini.

Ndiyo maana dozi inayotumika sana ya levamisoli ni miligramu 7.5 kwa kila kilo ya mnyama, na ya tetramisoli ni miligramu 15.

KISANDUKU: HESABU YA KONDOO WA KILO 30

- Levamisoli: 30 × 7.5 = miligramu 225.
- Tetramisoli: 30 × 15 = miligramu 450, ambazo nusu yake, miligramu 225, ndizo zinazofanya kazi.
- Ukinywesha tetramisoli kwa dozi ya levamisoli, kondoo anapata miligramu 112.5 tu za mkono unaofanya kazi. Minyoo dhaifu inakufa, yenye nguvu inabaki na kuzaliana. Hivyo ndivyo usugu unavyolelewa zizini.
- Ukinywesha levamisoli kwa dozi ya tetramisoli, umezidisha mara mbili. Dawa hii haina nafasi kubwa kati ya kuponya na kudhuru: mnyama aliyezidishiwa hutoa mate mengi, hutetemeka, na anaweza kufa.
- Dozi ya mwisho ni ile iliyo kwenye lebo ya bidhaa uliyoishika, pamoja na ushauri wa afisa mifugo.

Dawa za binadamu nazo zina habari hiyo hiyo:

- Ethambutoli ya kifua kikuu hutengenezwa kwa mkono mmoja tu, kwa sababu mkono wa pili una nguvu ndogo mno dhidi ya vimelea.
- Levofloksasini ni mkono wa kushoto wa ofloksasini, uliotengwa ukawa dawa inayojitegemea.
- Prazikwanteli ya kichocho hutolewa kama mchanganyiko wa mikono miwili. Mmoja unaua minyoo, na mwingine ndio unaochangia zaidi ule uchungu unaowafanya watoto wateme kidonge. Kwa sababu hiyo watafiti walitengeneza arprazikwanteli, yenye mkono unaofanya kazi tu, kwa ajili ya watoto wadogo. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliitolea maoni ya kuikubali Desemba 2023.
- Adrenalini, ambayo hospitali na baadhi ya waongoza watalii huwa nayo kwa ajili ya mshtuko wa mzio, ina mkono wa kushoto wenye nguvu mara nyingi kuliko wa kulia. Ikikaa kwenye joto, molekuli zake hugeuka polepole kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kipimo cha kawaida cha kiasi kinaweza kuonyesha dawa yote ipo.

Shika neno moja kutoka sehemu hii: jina sahihi na uzito sahihi havitoshi. Uliza na mkono.

2. NANI AFANYE NINI

Si kila mtu anahitaji mashine. Jipange kulingana na mahali ulipo.

KISANDUKU: NGAZI NNE ZA KAZI

1. Dukani na zizini: kusoma lebo, kuhifadhi vizuri, kutoa dozi kwa jina kamili la dawa.
2. Shuleni: kujifunza kugeuka kwa mwanga kwa kutumia sukari, bila kugusa dawa.
3. Maabara yenye polarimita, kifaa cha kupima kugeuka kwa mwanga: kupima mgeuko wa malighafi safi ya dawa.
4. Maabara ya udhibiti: kutenganisha mikono miwili kwa kromatografia na kutoa jibu lenye nguvu ya kisheria. Hapa ndipo ilipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo maabara yake ya Dar es Salaam ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, na ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha.

3. HATUA ZA DUKANI: SOMA LEBO KABLA YA KUPIMA

Makosa ya mkono huweza kutokea kwenye kaunta, kabla dawa haijaona maabara. Fanya hivi kila unapopokea mzigo:

1. Soma jina la kemikali, si jina la biashara peke yake. Herufi chache za mwanzo hubeba habari nzima: levo-, lev-, es-, ar-, dextro- na dex- mara nyingi huashiria mkono mmoja uliotengwa. Levamisoli si tetramisoli. Levofloksasini si ofloksasini.
2. Soma kama kiasi kilichoandikwa ni cha chumvi au cha dawa yenyewe. Levamisoli hidrokloridi ina uzito wa ziada wa hidrokloridi; miligramu 100 za chumvi hiyo si miligramu 100 za levamisoli.
3. Andika namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, na namba ya usajili.
4. Tenganisha rafu. Usiweke tetramisoli na levamisoli bega kwa bega. Andika kwa kalamu nene kwenye ukingo wa rafu: 7.5 upande huu, 15 upande ule.
5. Unapomhudumia mfugaji, taja jina la dawa na dozi yake kwa sauti, kisha mwombe arudie. Kama anayenywesha ni mtoto wake aliyebaki na mifugo, andika kwenye karatasi.

TAHADHARI. Adrenalini usiiache kwenye dashibodi ya gari linaloteremka Mang'ola mchana. Ihifadhi chini ya nyuzi 25, gizani, ndani ya boksi lake. Iliyobadilika rangi itupwe, lakini usidhani isiyobadilika rangi ni nzima: kugeuka kwa mkono hakuna rangi.

4. KUELEWA KIPIMO: MWANGA UNAOGEUKA

Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote. Ukipita kwenye kichujio cha polaroidi, unabaki na mtikisiko wa upande mmoja, kama kamba inayopitishwa kati ya nguzo mbili za uzio ikaweza kucheza juu na chini tu. Mwanga huo ukipita kwenye kimiminika chenye molekuli za mkono mmoja, upande wa mtikisiko hugeuka. Mkono wenye kugeuza kwenda kulia tunauandikia alama ya kujumlisha, wenye kugeuza kushoto alama ya kutoa. Rasemia, yaani nusu kwa nusu, inasoma sifuri kwa sababu kila mkono unafuta kazi ya mwenzake.

Kiasi cha kugeuka hutegemea dawa yenyewe, wingi wake kwenye kimiminika, urefu wa bomba, na rangi ya mwanga pamoja na jotoridi. Ili watu wa Karatu na wa London wapate namba moja, wote hutumia mwanga wa njano wa sodiamu wa nanomita 589 na jotoridi la nyuzi 20, kisha wanahesabu mgeuko mahususi:

Mgeuko mahususi = usomaji ÷ (urefu wa bomba kwa desimita × gramu kwa kila mililita)

Anza na sukari kabla ya dawa. Sukari ya mezani ni molekuli ya mkono mmoja, haina sumu, iko kila duka, na namba yake inajulikana kote duniani: +66.5.

ZOEZI LA SUKARI, LINAFAA KIDATO CHA TANO NA SITA

1. Pima gramu 26 za sukari nyeupe iliyo kavu.
2. Iyeyushe kwenye maji safi ndani ya flaski ya ujazo, kisha jaza hadi alama ya mililita 100. Usiweke sukari kwenye mililita 100 za maji. Hilo ni jambo lingine, na jibu litakuwa dogo.
3. Jaza bomba la sentimita 20, sawa na desimita 2. Usomaji unatakiwa uwe karibu na +34.6.
4. Rudia kwa bomba la sentimita 10. Usomaji unatakiwa ushuke hadi karibu +17.3. Ukiona nusu hii kwa macho yako umeshaelewa fomula.
5. Jaribu na sukari yenye ukahawia. Itasoma chini kidogo kwa sababu si sukari tupu, na rangi yake itafifisha mwanga.
6. Kama una asali ya kutoka Eyasi, iyeyushe, iache usiku kucha itulie, kisha pima. Kwa kawaida itageuza mwanga kushoto, kwa sababu fruktosi iliyomo inavuta kushoto kwa nguvu kuliko glukosi inavyovuta kulia.

Shule isiyo na polarimita inaweza kujitengenezea: vipande viwili vya kichujio cha polaroidi, taa ya njano, glasi yenye kuta zilizonyooka na kipimapembe. Kifaa hicho hukosea nyuzi moja au mbili. Kinatosha kufundishia, hakitoshi kumhukumu mtengenezaji wa dawa.

5. KUPIMA MALIGHAFI YA LEVAMISOLI KWA POLARIMITA

Hatua hizi ni za unga safi wa levamisoli hidrokloridi, kwa mfano mtengenezaji anapopokea malighafi. Vitabu vya viwango vya dawa hutaka mgeuko mahususi wake kwenye maji uwe kati ya −120 na −128, ukihesabiwa kwa unga uliokaushwa.

Vifaa: mizani inayosoma hadi miligramu, flaski ya ujazo ya mililita 50, maji yaliyochujwa ioni, polarimita yenye taa ya sodiamu, bomba la desimita 2, kipimajoto, glovu na miwani ya kinga.

1. Washa taa ya sodiamu mapema, angalau nusu saa. Mwanzo huwa na wekundu. Subiri iwe njano iliyotulia.
2. Kausha unga kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena, kisha uache upoe mahali pasipo na unyevu. Unyevu unapimwa kama dawa na unadanganya hesabu.
3. Pima gramu 2.50. Yeyusha, jaza hadi mililita 50. Umepata gramu 0.05 kwa kila mililita.
4. Lete kimiminika kwenye nyuzi 20. Asubuhi ya Karatu mara nyingi maji yako chini ya hapo, mchana yako juu. Tumia beseni la maji, usikisie.
5. Suuza bomba mara mbili kwa maji, lijaze maji, soma sifuri ya kifaa. Iandike hata kama si sifuri kamili.
6. Suuza bomba mara mbili kwa kimiminika cha dawa, kisha lijaze. Liinamishe polepole ili povu lote lipande kwenye uvimbe wa bomba, nje ya njia ya mwanga.
7. Weka jicho kwenye lenzi. Utaona duara lililogawanyika: sehemu moja nyeusi, nyingine yenye mng'ao. Zungusha kitufe taratibu. Giza linahamia upande wa pili. Katikati ya hali hizo mbili kuna mahali padogo ambapo duara lote linakuwa na ukungu mmoja na mstari wa mgawanyiko unatoweka. Hapo ndipo pa kusoma. Ukipita kwa upana wa unywele, mstari unarudi.
8. Soma mara sita, tatu ukitokea kushoto na tatu ukitokea kulia. Chukua wastani, toa sifuri ya kifaa.
9. Hesabu.

KISANDUKU: MIFANO MITATU YA HESABU

Tumia −124 kama namba ya levamisoli safi kabisa.

- Usomaji −12.4: −12.4 ÷ (2 × 0.05) = −124. Mkono mmoja, safi.
- Usomaji −9.3: −9.3 ÷ 0.1 = −93. Gawanya 93 kwa 124, unapata asilimia 75. Hiyo ndiyo ziada ya mkono mmoja juu ya mwingine. Mkono wa kushoto ni asilimia 87.5, wa kulia 12.5. Haikubaliki.
- Usomaji 0: ama ni tetramisoli, ama si dawa hii kabisa. Polarimita haiwezi kukuambia ni ipi. Utambuzi mwingine unahitajika.

Angalia mfano wa pili kwa makini. Watu wengi husoma asilimia 75 wakadhani mkono mbaya ni asilimia 25. Ziada ni tofauti kati ya mikono miwili: 87.5 toa 12.5.

6. PALE POLARIMITA INAPOISHIA

Ipende polarimita, lakini ijue mipaka yake.

Mpaka wa kwanza ni uchafu mdogo. Malighafi inayosoma −120 imekubalika kwa kiwango, ilhali kwa hesabu ya juu inaweza kuwa na karibu asilimia 1.6 ya mkono wa kulia. Ukitaka kujua kama uchafu ni asilimia 0.1 au 1, kifaa hiki hakina jicho hilo.

Mpaka wa pili ni viambato vingine. Kidonge au bolasi, yaani kidonge kikubwa cha mifugo, mara nyingi hubeba laktosi. Dawa ya maji inaweza kubeba sukari au sorbitoli. Laktosi nayo hugeuza mwanga, tena kulia. Ukisaga bolasi ya levamisoli ukaichuja na kuipima moja kwa moja, laktosi itafuta sehemu ya usomaji, na utamshtaki mtengenezaji kwa kosa lisilo lake. Dawa lazima itolewe kwanza kutoka kwenye mchanganyiko kwa njia iliyoandikwa kwenye kitabu cha viwango. Kumbuka kwamba levamisoli huharibika kwenye alkali, hivyo hatua hiyo haitaki kucheleweshwa. Na kwamba levamisoli isiyo chumvi, ikiwa kwenye kiyeyushi kingine, ina mgeuko wake tofauti. Usilinganishe na −124.

Mpaka wa tatu ni vipimo vya haraka. Kasha la Minilab, linalotumika kukagua dawa mbali na maabara kubwa, hutambua dawa na kukadiria kiasi chake kwenye bamba. Ni msaada mkubwa dhidi ya dawa bandia, lakini bamba la kawaida halijui kushoto wala kulia. Ndivyo ilivyo pia kwa kromatografia ya kawaida ya kupima kiasi: tetramisoli na levamisoli zitatoka kwa dakika ile ile, kilele kimoja.

Kinachohitajika ni safu ya kairali. Ndani yake kuna punje zilizopakwa selulosi au amilosi iliyorekebishwa. Vitu hivyo vyenyewe vina mkono, kwa hiyo hushika enantioma moja kwa muda mrefu kuliko nyingine, na mikono miwili hutoka ikiwa imeachana.

HATUA KWA MCHAMBUZI WA MAABARA

1. Soma cheti cha safu: kiyeyushi gani kinaruhusiwa. Kiyeyushi kisichofaa huharibu kabisa safu ambayo mpako wake haujafungwa kwenye punje, na safu hizi ni ghali.
2. Ingiza kwanza tetramisoli rejea. Huu ndio mtihani wa safu yako. Unatakiwa uone vilele viwili vyenye ukubwa sawa, 50 kwa 50, na utengano wa angalau 1.5. Kama havijaachana, usiendelee na sampuli.
3. Ingiza levamisoli rejea ili ujue kilele kipi ni cha kushoto. Mpangilio wa kutoka hubadilika safu ikibadilika. Usiutegemee kwa mazoea.
4. Ingiza sampuli, kisha dondoo lisilo na dawa, ili uhakikishe kilele kidogo unachokiona si cha kiambato kingine.
5. Ingiza myeyusho hafifu wa mkono wa kulia uone kiasi cha chini kabisa unachoweza kukisoma kwa uhakika.
6. Hesabu ziada: toa eneo la kilele kidogo kwenye eneo la kilele kikubwa, gawanya kwa jumla yao, zidisha kwa 100. Vilele vya 98.9 na 1.1 vinatoa asilimia 97.8.
7. Ripoti pia asilimia ya mkono usiotakiwa. Msomaji asiye mchambuzi ataelewa 1.1 haraka kuliko 97.8.

7. MAKOSA YA KAWAIDA

- Povu kwenye bomba. Nimewahi kukataa sampuli nzuri kwa sababu ya povu dogo kama chembe ya mtama. Niliporudia siku ya pili namba ikakaa mahali pake, na barua ya kukataa ilikuwa imeshaondoka. Tangu hapo sisomi kabla sijaliangalia bomba dhidi ya mwanga wa dirisha.
- Kuchanganya desimita na sentimita. Bomba la sentimita 20 linaandikwa 2 kwenye hesabu, si 20.
- Kutojua kama umegeuka kushoto au kulia sana. Duara la mwanga hujirudia kila nyuzi 180, kwa hiyo −12 na +168 huonekana sawa. Punguza wingi wa dawa kwa nusu: kama jibu ni −12 kweli, litakuwa −6.
- Kimiminika chenye ukungu au rangi nzito. Chuja, kama bado hakionyeshi, punguza wingi au tumia bomba fupi.
- Kusoma alama ya kutoa kama dosari. Alama ni mwelekeo. Levamisoli nzima huwa na alama ya kutoa. Yenye alama ya kujumlisha ndiyo ya kuogopa.
- Kuchanganya herufi R na S na kushoto na kulia. Herufi hizo zinaeleza mpangilio wa atomu, alama zinaeleza mwanga. Moja haikupi nyingine.
- Kudhani kila rasemia ni dawa mbovu. Salbutamoli, ibuprofeni na prazikwanteli hutolewa hivyo kihalali. Kosa ni kuuza kimoja kwa jina la kingine.
- Kudhani mkono uliotengwa hubaki ulivyo. Talidomaidi iliuzwa kuanzia 1957 ikaondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961, baada ya kulemaza watoto zaidi ya 10,000 duniani. Mikono yake hugeuzana ndani ya mwili, kwa hiyo kumpa mgonjwa mkono mmoja tu kusingemwokoa mtoto.

8. KUTUMA SAMPULI KUTOKA KARATU NA NGORONGORO

Ukishuku dawa, usiitupe na usiigombanie. Fuata hatua hizi:

1. Acha kuitoa au kuinywesha. Tenga toleo lote, andika ISITUMIKE.
2. Ripoti kwa mkaguzi wa dawa wa halmashauri, mfamasia wa wilaya au afisa mifugo, ambaye ataiwasilisha TMDA Kanda ya Kaskazini.
3. Toa pakiti zisizofunguliwa za toleo lile lile. Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda au mfuko wa nailoni. Sampuli iliyohamishwa haina ushahidi.
4. Baki na pakiti nyingine mahali penye kufuli, kwa ajili ya kurudia kipimo.
5. Andika: jina kamili, namba ya toleo, mahali iliponunuliwa, jinsi ilivyohifadhiwa, na kilichotokea. "Kondoo 12 walinyweshwa, minyoo bado ipo kwenye kinyesi siku ya 14" ni habari inayosaidia. "Dawa haifai" haisaidii.
6. Omba kipimo kwa jina. Usipoandika "usafi wa enantioma" au "mgeuko mahususi", maabara itapima utambuzi na kiasi, na jibu litarudi zuri wakati tatizo bado lipo.
7. Kwenye basi la Arusha, sampuli isikae juu ya injini wala dirishani. Mkabidhi mtu anayejulikana, kwa saini.

TAHADHARI. Levamisoli ya mifugo isinywewe na binadamu. Inaweza kushusha vibaya chembe nyeupe za damu. Zingatia muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, na usimpe mnyama anayekamuliwa bila ruhusa ya lebo. Katika maeneo ambayo maziwa ndiyo chakula cha kila siku cha watoto, sharti hili ni la uhai.

9. ORODHA YA KUKAGUA: BANDIKA UKUTANI

Dukani
☐ Jina la kemikali limesomwa lote
☐ Chumvi au dawa yenyewe: inajulikana
☐ Namba ya toleo imeandikwa
☐ Levamisoli na tetramisoli ziko rafu tofauti
☐ Mteja amerudia dozi kwa mdomo wake

Kwenye polarimita
☐ Taa imewaka nusu saa
☐ Sukari imesoma karibu +34.6 kwenye bomba la desimita 2
☐ Sampuli imekauka, nyuzi 20, haina povu
☐ Sifuri imeondolewa, usomaji sita
☐ Alama ya kujumlisha au kutoa imeandikwa

Kwenye safu ya kairali
☐ Rasemia imetoa vilele viwili sawa
☐ Kilele cha kila mkono kinajulikana
☐ Dondoo lisilo na dawa limeingizwa
☐ Asilimia ya mkono usiotakiwa imeripotiwa

Kwenye bahasha ya sampuli
☐ Pakiti haijafunguliwa
☐ Kipimo kimeombwa kwa jina
☐ Historia ya joto na matumizi imeambatanishwa

Anza leo na kilicho karibu nawe. Kama wewe ni muuza dawa, inuka utenganishe zile rafu mbili. Kama ni mwalimu, tafuta gramu 26 za sukari. Kama ni mchambuzi, safari nyingine usitoe safu ya kairali kwenye kabati kabla hujaomba tetramisoli rejea. Mfugaji wa Endulen hataiona kazi yako. Ataona kondoo wake wameacha kukohoa na kukonda, na mnada ujao atarudi dukani akitaja jina la dawa kwa ukamilifu wake.